Mkanda wa kiti cha nyuma: Mbona twaufunga tu tukiona polisi?

Ndugu msomaji, ikiwa wewe husafiri kwa matatu kutoka Kisumu kwenda Busia, Bondo, Kakamega au Ahero, bila shaka jambo hili si geni kwako. Gari limeondoka stejini, abiria wametulia, baadhi wanasinzia na wengine wanazungumza kwa simu. Mikanda ya usalama inaning'inia kando ya viti au imekaliwa. Mara makanga anapaza sauti: "Fungeni mikanda, kuna polisi mbele!" Hapo kila mtu anaanza kupapasa. Aliyekosa kifungio anauweka mkanda mapajani na kuushikilia kwa mkono. Gari likishapita kizuizi, mikanda inaachiliwa na safari inaendelea kama kawaida.

Mkanda ulioshikiliwa kwa mkono humdanganya askari, lakini hauwezi kuudanganya mwili. Katika makala haya tutaangalia kwa nini wengi wetu hatuupendi mkanda wa kiti cha nyuma, ni lalamiko lipi lenye haki na lipi lisilo na msingi, na ni nini hasa kinachompata abiria asiyejifunga gari linapogonga.

Sheria inasema nini?

Wengi huamini kwamba mkanda ni wa dereva na wa anayekaa kando yake. Sivyo. Nchini Kenya, sheria inamhusu kila abiria, hata aliye kiti cha mwisho kabisa.

Kanuni zilizowafanya Wakenya wazungumzie mkanda kila siku zilitolewa mwaka 2003 kupitia Tangazo la Kisheria Nambari 161, wakati marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano. Zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Kila kiti cha gari la abiria kilitakiwa kuwa na mkanda. Magari yalitakiwa kufungwa vidhibiti mwendo ili yasizidi kilomita 80 kwa saa, na matatu ndogo zilizokuwa zikibeba abiria 18 zikaagizwa kubeba 14. Siku za kwanza matatu nyingi hazikuonekana barabarani kwa kuwa hazikuwa zimetimiza masharti, na wananchi wengi walitembea kwa miguu kwenda kazini.

Kwa muda watu walitii. Kisha polepole mikanda ikachakaa, vifungio vikapotea, na abiria wakarejea katika mazoea ya zamani. Mwezi Novemba 2018 serikali ilianzisha tena msako wa kutekeleza kanuni hizo, mwezi mmoja tu baada ya basi lililokuwa likitoka Nairobi kuelekea magharibi mwa Kenya kuanguka karibu na Fort Ternan na kuua watu zaidi ya 50. Mara hii hata abiria walikamatwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, abiria asiyefunga mkanda hutozwa faini ya shilingi 500.

Shilingi 500 ni fedha, lakini ndiyo gharama ndogo kabisa ya kutofunga mkanda. Hebu tuone gharama nyingine.

Migongano mitatu katika ajali moja

Madaktari na wahandisi wa magari husema kwamba kila ajali ya kugonga ina migongano mitatu.

Mgongano wa kwanza ni wa gari. Gari linagonga lori, mti au ukuta wa daraja, na mwendo wake unakatika ghafla.

Mgongano wa pili ni wa mwili. Gari limesimama lakini wewe uliye ndani hujasimama. Ikiwa gari lilikuwa likienda kilomita 50 kwa saa, mwili wako nao unaendelea kwenda mbele kwa mwendo huo huo mpaka ukutane na kitu cha kuuzuia: kiti cha mbele, chuma cha dirisha, paa, au kichwa cha abiria mwenzako.

Mgongano wa tatu ni wa viungo vya ndani. Fuvu limesimama, lakini ubongo unaendelea kusogea na kugonga mfupa ulio mbele yake. Moyo, ini na bandama navyo huvutwa na kusukumwa, na mishipa ya damu inaweza kuchanika. Ndiyo maana mtu anaweza kutolewa katika gari akiwa hana jeraha kubwa la nje, na kumbe anavuja damu ndani.

Kugonga ghafla kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani kama kutoka orofa ya tatu ya jengo. Kwa mwendo wa kilomita 80, ambao ndio mwisho wa kidhibiti mwendo, ni kama kuanguka kutoka mita 25. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kukaa ukingoni mwa orofa ya nane bila kushikilia kitu. Hata hivyo, ndivyo tunavyokaa katika barabara iliyonyooka ya uwanda wa Kano tukielekea Ahero, tena tukiwa tumelala.

Kazi ya mkanda ni kuupunguza mgongano wa pili na wa tatu. Hukuzuia kurushwa mbele au nje ya gari, na hugawanya nguvu za kusimama katika mifupa iliyo imara kuliko yote: nyonga, kifua na bega.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa waliokaa mbele kwa karibu nusu. Kwa waliokaa nyuma, hupunguza vifo na majeraha mabaya kwa robo au zaidi. Hebu fikiria dawa ambayo ingeokoa maisha kwa kiwango hicho, isiyomezwa wala kudungwa, na iliyokwisha kulipiwa katika nauli. Nani angeikataa?

Abiria wa nyuma na maisha ya aliye mbele

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Watu husema, "Mwili ni wangu, nisipofunga mkanda naumia mimi." Kauli hii si kweli.

Mwaka 2002 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha uchunguzi wa wataalamu wa Japani waliopitia kumbukumbu za ajali nyingi za nchi yao. Waliwatazama watu waliokaa viti vya mbele wakiwa wamefunga mikanda yao ipasavyo. Waligundua kwamba hatari ya watu hao kufa iliongezeka karibu mara tano iwapo walio nyuma yao hawakufunga mikanda. Sababu ni rahisi kuelewa. Mtu mzima wa kilo 60 au 70 anaporushwa kwa mwendo wa gari, hugeuka kuwa kama mzigo mzito usiofungwa. Humgonga aliye mbele, kiti kikakunjika, na mtu aliyekuwa amejikinga akauawa na mwili wa ndugu yake.

Basi, bwana, ukikaa nyuma ya mkeo bila mkanda umehatarisha uhai wake pamoja na wako. Nawe mama, kijana wako mkubwa akikataa kujifunga kiti cha nyuma, mwambie kwamba anaomba kukuangukia wewe.

Mfano unaojulikana duniani ni ule wa Paris, Ufaransa, tarehe 31 Agosti 1997, ambapo Diana, Binti Mfalme wa Wales, alikufa kutokana na ajali ya gari. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Uchunguzi wa kifo chake uliokamilika London mwaka 2008 ulitaja kutofunga mkanda kuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia. Ukubwa wa gari na cheo cha abiria havikusaidia.

Tunayoyasema kuhusu mkanda

Sasa tuyatazame maneno yanayosikika kila siku stejini na ndani ya magari. Si vyema kuyapuuza, kwani mengine yana ukweli ndani yake.

"Mkanda ni mchafu, utaniharibia nguo." Lalamiko hili lina haki. Mtu aliyevaa shati jeupe kwenda ofisini au kanisani hapendi alama ya vumbi na mafuta kifuani. Lakini kosa hapa ni la mwenye gari ambaye hafui mikanda. Mdai hilo kama unavyodai chenji yako. Wakati huo huo, tandaza leso kati ya mkanda na nguo. Shati litafuliwa kwa sabuni ya shilingi chache, ilhali ubongo ulioumia hauna sabuni.

"Mikanda yenyewe haifungi." Hili nalo ni kweli mara nyingi. Kifungio kimevunjika, au mkanda umefungwa fundo tu ili gari lipite ukaguzi. Fundo halikuokoi. Kagua kabla ya kulipa nauli, na ukikuta kiti hakina mkanda unaofanya kazi, omba kingine au shuka upande gari jingine. Makanga wanaogopa abiria anayeshuka kuliko anayenung'unika.

"Naenda hapa tu." Safari ya kutoka mjini hadi Kondele au Mamboleo ni fupi, lakini gari huweza kufikia kilomita 50 kwa saa katika umbali mdogo sana. Ajali haiulizi ulilipa nauli ya shilingi ngapi.

"Gari likishika moto au likitumbukia majini nitanaswa." Hofu hii inaeleweka, hasa kwetu tulio kando ya ziwa na mito. Lakini ajali za moto na za maji ni chache zikilinganishwa na za kugongana na kupinduka. Hata katika hizo chache, anayeweza kujiokoa ni yule ambaye hakuzimia kwa kugonga kichwa. Mkanda mzima hufunguka kwa kubonyeza kidole kimoja. Jizoeze kuufungua bila kutazama. Mahali pa kuufungua mapema ni kwenye feri. Ukivuka kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita na gari likiwa limeegeshwa ndani ya chombo, fungua mkanda, na ikiwezekana ushuke garini.

"Ni njia ya polisi kula pesa." Wapo wanaoichukia sheria hii kwa sababu wanaiona kama kisingizio cha hongo barabarani. Kama sheria inatumiwa vibaya, jambo hilo ni la kulalamikiwa, tena kwa sauti. Lakini abiria aliyejifunga hana kosa la kuuziwa. Kumkomoa askari kwa kuacha mkanda ni kumkomoa mtu asiyekuwamo ndani ya gari.

"Ajali haina kinga." Methali hii hutajwa kila tunapozika. Lakini wahenga walipotumia neno ajali walikusudia siku ya mtu iliyoandikwa, kwani neno hilo lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya muda uliowekwa. Hawakukusudia tairi bovu, mwendo wa kasi wala mkanda uliokaliwa. Wahenga hao hao waliofundisha kwamba kifo hakikwepeki hawakulala nje penye simba. Walijenga maboma, wakafunga milango. Mkanda ni mlango.

Isidhaniwe kwamba ukaidi huu ni wa Wakenya pekee. Uingereza sheria ya mkanda kwa viti vya mbele ilianza Januari 1983 baada ya miaka mingi ya mabishano bungeni, wapinzani wakisema inaingilia uhuru wa mtu. Kwa watu wazima wa viti vya nyuma, sheria ilingoja hadi Julai 1991. Nchini Marekani jimbo la New Hampshire halimlazimishi mtu mzima kufunga mkanda. Kuna jambo la kujifunza hapa: mahali ambapo sheria ilisimamiwa miaka nenda miaka rudi, mkanda uligeuka kuwa mazoea, na mazoea hayahitaji askari.

Safari za matanga

Kwetu Nyanza hatuwezi kuzungumzia usalama barabarani bila kutaja safari za mazishi. Ukoo mzima hukodi basi au huazima la shule kwenda kumzika mpendwa wao. Gari hujaa kupita kiasi, watu husimama wakiimba, na kurudi huwa jioni watu wakiwa wamechoka. Mnamo Agosti 2025 basi lililokuwa limebeba waombolezaji waliotoka kuzika lilipinduka katika mzunguko wa barabara wa Coptic, Mamboleo, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Watu zaidi ya 20 walikufa. Waliotoka kulia msiba mmoja wakaacha misiba mingi.

Mkanda hautibu breki mbovu wala mwendo wa kasi. Lakini gari linapopinduka, wanaorushwa nje na kulaliwa na gari ndio walio katika hatari kubwa zaidi, na kazi ya kwanza ya mkanda ni kumweka abiria ndani. Hivyo kamati ya mazishi inapopanga chakula, hema na jeneza, mtu mmoja apewe kazi ya usafiri. Ahesabu viti, akague mikanda, akatae abiria wa kusimama. Kwa desturi zetu si rahisi kumwambia mzee, "Baba, gari limejaa." Lakini ni rahisi kuliko kurudi kijijini kutangaza msiba mwingine.

Hali ni hiyo hiyo kwa Probox za mashambani zinazobeba watu hadi sehemu ya mizigo. Mkanda mmoja haufungi watu wawili. Miili yao hugongana kwa nguvu kubwa mno.

Jinsi ya kufunga mkanda vizuri

Mkanda uliofungwa vibaya unaweza kuumiza. Fuata hatua hizi:

1. Kaa wima, mgongo ukiwa umeegemea kiti. Usijilaze.

2. Sehemu ya chini ipite juu ya mifupa ya nyonga, chini kabisa ya tumbo. Isipite juu ya tumbo lenyewe, kwani ndani yake mna utumbo ambao hauna mfupa wa kuukinga.

3. Sehemu ya juu, kama ipo, ipite katikati ya bega na kifua. Usiipitishe chini ya kwapa wala nyuma ya mgongo.

4. Kaza mkanda uondoe ulegevu, na hakikisha haukujikunja.

Matatu nyingi zina mkanda wa kiunoni pekee. Huo haukingi kichwa na kifua kama ule unaopita begani, lakini hukuzuia kurushwa nje. Ukiweza kuchagua, chagua kiti chenye mkanda wa begani.

Wajawazito na watoto

Mama mjamzito anastahili kufunga mkanda katika miezi yote ya mimba. Sehemu ya chini ikae chini ya tumbo, juu ya mapaja na nyonga. Ya juu ipite kati ya matiti na kando ya tumbo. Kumwokoa mama ndiyo njia ya kwanza ya kumwokoa mtoto aliye tumboni.

Kuhusu watoto wadogo, wazazi wengi hudhani mikono yao inatosha. Haitoshi. Mtoto wa kilo 10, gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, huvutwa kwa nguvu zinazozidi uzito wa gunia moja na nusu la mahindi. Hakuna mama wala baba anayeweza kuzuia hilo kwa mikono. Wala usimfunge mtoto pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja, kwani mwili wako utambana. Mwenye gari lake anunue kiti cha mtoto kinacholingana na umri na uzito wake. Shirika la Afya Duniani linasema viti hivyo hupunguza vifo vya watoto kwa asilimia 60 au zaidi. Mtoto akilia kwa kufungwa, kumbuka kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ukipata ajali

Ukipata ajali ukiwa umefunga mkanda, kagua tumbo na kifua chako. Alama nyekundu au ya bluu mahali mkanda ulipopita, hasa tumboni, ni ishara kwamba viungo vya ndani huenda vimeumia. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo hata kama unajisikia mzima. Maumivu ya tumbo, kizunguzungu, kutapika au damu katika mkojo si mambo ya kungoja kesho.

Ukimsaidia majeruhi anayelalamika kuhusu shingo au mgongo, usimvute kwa nguvu wala kumkalisha, isipokuwa kuna moto, maji au hatari nyingine ya papo hapo. Uti wa mgongo ulioumia kidogo unaweza kukatika kwa kuvutwa vibaya, na mtu aliyekuwa atembee akapooza.

Maswali ya kujadili nyumbani au kazini

Baada ya kusoma makala haya, kaeni na jamaa au wenzenu mjiulize: Safari yangu ya mwisho nilifunga mkanda nikiwa kiti cha nyuma? Kama nilifunga, ni kwa sababu ya nani? Gari linalompeleka mtoto wangu shuleni lina mikanda mingapi, na lina watoto wangapi? Katika ukoo wetu, ni nani atakayehesabu viti tutakaposafiri tena kwenda mazishini?

Na leo jioni ukipanda gari kurudi nyumbani, funga mkanda kabla ya makanga kugonga mlango gari liondoke. Kisha mgeukie jirani yako kwa heshima umwambie: "Samahani ndugu, jifunge tafadhali, nami nifike salama."